Unakuja Dar? Anza na Watu Ambao Majina Yao Hayajaandikwa Popote

Mgeni akishuka Dar siku hizi, ratiba yake inajulikana hata kabla hajafungua begi. Jioni ya kwanza Coco Beach, mihogo ya kukaanga na pilipili, upepo wa bahari, selfi za kutosha. Kesho yake boti ya kwenda kisiwani Mbudya kula samaki wa kuchoma. Kesho kutwa Kariakoo kusaka nguo za bei chee, usiku Masaki kula bata. Siku ya nne anarudi kwao simu imejaa picha, na akiulizwa mji ule umejengwa na nani anajibu haraka: Wajerumani. Au Waarabu. Kama alisoma kidogo shuleni, atamtaja Sultani Majid wa Zanzibar.

Jibu si la uongo, ila lina kasoro moja. Sultani hakubeba jiwe hata moja.

Waliobeba ni wengine kabisa, na wengi wao hakuna aliyejisumbua kuwauliza jina. Leo Dar ina watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, na bado alama za hao waliotangulia ziko wazi barabarani. Wenyeji wanapishana nazo kila asubuhi wakiwahi kazini, macho kwenye simu. Kuzifuata ni matembezi ya siku moja na nusu hivi, kwa miguu na daladala, na sehemu kubwa ya njia haina kiingilio.

Pa kuanzia ni Kivukoni, na ni bora kuwa asubuhi kabla jua halijakolea. Mwendokasi inafika mpaka hapo. Upande mmoja pantoni inamwaga watu kutoka Kigamboni, upande wa pili wauza samaki wa Feri wanapigiana kelele za mnada. Miaka ya 1860 hapa hapakuwa na mji. Palikuwa na kijiji cha Mzizima, Washomvi na Wazaramo, watu wa nyavu na mashamba. Sultani akaipenda bandari, akaagiza majumba. Boma la Kale, lililo ng'ambo ya barabara kutoka kwenye boti za Zanzibar, ni moja ya machache yaliyobaki ya wakati huo. Miaka ya karibuni limekarabatiwa na kufanywa kituo cha urithi wa majengo ya mji, kwa hiyo mtu anaweza kuingia, akapanda juu, akaangalia dari.

Dari ndiyo ya kuangaliwa. Ni boriti za mikoko, zimepangwa moja moja. Kuta ni mawe ya matumbawe. Mawe hayo hayaokotwi: yanachimbwa, yanabebwa, mengine yanachomwa siku kadhaa kupata chokaa, na mikoko inakatwa mtu akiwa ndani ya tope mpaka magotini. Katika nguvu kazi ya miaka ile watumwa walikuwemo, na hakuna kibao kinachosema nani alipandisha boriti ipi. Majid akafa mwaka 1870 mji haujakamilika, mrithi wake hakuwa na habari nao, na majumba mengine yakaachiwa nyasi.

Hatua chache kutoka hapo, Barabara hiyo hiyo ya Sokoine, ipo Nyumba ya Atiman, nayo ya zama hizo. Hii inasimuliwa kwa sababu ni kinyume cha hadithi nzima. Atiman alikuwa mtoto wa Afrika Magharibi, akaibwa akauzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa utabibu huko Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Akatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtumwa mmoja akapata jina ukutani. Kwa idadi ya watu waliopita pwani hii wakiwa wamefungwa minyororo, huyo ni bahati nasibu.

Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na picha nyingi zinazopigwa mjini ni za majengo yao. Kanisa la Azania Front lenye vigae vyekundu, na Mtakatifu Yosefu lenye mnara mrefu, yote mawili yalimalizika mwaka 1902. Ni mazuri, hakuna ubishi, na jioni mwanga wa bahari unayapendeza. Ila mwaka 1898 ndipo ilipoanza kodi ya kibanda, na mtu asiye na fedha alijikuta analazimika kuitafuta kwa kazi ya mikono. Mwenye kupiga picha akae nalo hilo kichwani. (Na kama anatembea kuelekea Ikulu, simu aiweke mfukoni. Walinzi wa pale hawana utani.)

Sasa ingia ndani kidogo, Barabara ya Samora mpaka inapokutana na Mtaa wa Maktaba. Kuna kipilefti, na katikati yake amesimama askari wa shaba, bunduki mkononi, singe imeelekea upande wa bandari. Vijana wanamwita Askari Monumenti au basi "pale Askari". Wazee wa mji walikuwa wakimwita Bismini. Machinga wanauza vocha na soksi karibu yake, dereva wa bajaji anamzunguka mara arobaini kwa siku. Huyu ndiye mtu maarufu kuliko wote Dar, na hana jina.

Cha kushangaza ni kwamba yeye ni wa pili kusimama pale. Mwaka 1909 Wajerumani waliweka papo hapo sanamu la Hermann von Wissmann, afisa wao aliyeongoza vita ya kuwazima watu wa pwani waliokataa utawala wao mwishoni mwa miaka ya 1880. Wissmann alikuwa juu, kifua mbele. Chini yake wachongaji waliweka askari mweusi na simba aliyekufa, askari akimfunika simba yule kwa bendera ya Ujerumani huku akimtazama bwana wake. Mzungu alikuwa na jina, cheo na historia. Askari alikuwa askari tu.

Septemba 1916 Waingereza wakauteka mji. Sanamu likang'olewa, likasafirishwa Uingereza kama ngawira, na mwaka 1922 likasimamishwa tena huko Hamburg mbele ya chuo kikuu. Lilikaa hapo mpaka wanafunzi walipolikasirikia na kuliangusha mwaka 1968. Yule askari wa miguuni akavuka bahari mara mbili na kupinduliwa na watu ambao hawakuwa na ugomvi naye.

Huyu wa sasa alizinduliwa mwaka 1927. Alisubuliwa Uingereza na kuonyeshwa London kwanza, ndipo akaletwa kwa meli. Safari hii hana bwana wa kumtazama, amesimama peke yake, na hilo si jambo dogo kwa mwaka 1927. Lakini jina bado hapana. Maandishi yaliyo chini, ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawashukuru askari wa Kiafrika waliopigana Vita ya Kwanza ya Dunia, na yanawataja pia wapagazi. Wote kwa jumla, kama mtu anavyowashukuru wapishi kwenye harusi.

Na hapo kuna kitu ambacho wapiga picha wengi hawakijui. Sanamu hilo ni la upande wa Waingereza. Katika vita ile watu wa nchi hii walikuwa pande zote mbili: wengine walivaa sare za Mjerumani na kupigana mpaka jeshi lake likasalimu amri Novemba 1918 huko Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia. Kijana anayejipiga selfi pale akisema "babu zetu" hajui kama babu yake aliishika bunduki ile au ndiye aliyelengwa nayo. Sare zilikuwa mbili, kaburi la porini lilikuwa moja.

Baada ya Askari ni wakati wa kula, na Uhindini uko pua na mdomo. Mtaa wa Kisutu na jirani zake una mahekalu, misikiti, nyumba za ghorofa mbili zenye roshani, chai ya maziwa, kachori, na jioni mishkaki inayofukizia mtaa mzima. Mtu anaweza kupoteza saa mbili hapo na asijute. Kisha atembee mpaka Mnazi Mmoja. Uwanja ule haukuachwa wazi kwa ajili ya upepo tu. Wakoloni waliugawa mji mafungu matatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja ulikuwa mpaka: huku mawe, kule makuti. Kuuvuka kwa miguu ni dakika tano. Zamani ilikuwa safari ndefu kidogo.

Ng'ambo ya uwanja ni Kariakoo.

Kila mtu anajua Kariakoo. Wafanyabiashara wanatoka Lubumbashi, Lusaka, Moroni, Lilongwe kuja kufunga mzigo. Lakini muulize muuza viatu jina hilo limetoka wapi, na uwezekano ni mkubwa atakwambia "limekuwepo tu". Limetoka kwenye Kiingereza, Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Waingereza walipoingia mjini mwaka 1916 walikuta jengo la soko lililojengwa wakati wa Mjerumani, wakaligeuza kambi ya wabeba mizigo wa jeshi. Midomo ya Kiswahili ikalainisha neno, likawa Kariakoo. Nairobi nao walikuwa na kambi ya namna hiyo, na mtaa wao unaitwa Kariokor mpaka kesho.

Kwa nini jeshi lilihitaji kambi ya wapagazi? Kwa sababu vita ilikuwa porini, barabara hazipo, na mbung'o waliua farasi, nyumbu na punda kwa maelfu. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Risasi, mahema, unga, dawa, hata vipande vya mizinga, vyote vilisafiri juu ya kichwa, mzigo wa kilo ishirini na kitu kwa mtu mmoja, siku nzima. Halafu kukawa na hesabu mbaya: mpagazi naye anakula. Kadiri jeshi lilivyozidi kwenda mbali, ndivyo mzigo mwingi zaidi ulivyoliwa njiani na wabebaji wenyewe, kwa hiyo wakahitajika wabebaji wengine wa kuwabebea wale. Vijiji vikakombwa wanaume. Wengine walijiandikisha kwa ajili ya ujira, wengi walikamatwa tu.

Wanahistoria wanakadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita ya Afrika Mashariki. Waliokufa ni karibu laki moja, na wako wanaosema ni zaidi. Risasi hazikuwa muuaji mkuu. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na chakula kisichoiva vizuri ambacho matumbo yao hayakukizoea. Mtu wa bara aliyelelewa kwa ndizi alipewa unga wa mahindi mbovu na sufuria isiyotosha, akaambiwa kesho safari. Mvua za mwanzoni mwa 1917 kule Rufiji ziligeuza njia kuwa mto, na walioanguka waliachwa pembeni.

Jina ndilo lililokuwa tatizo, na si kwa ajili ya heshima tu. Mpagazi aliyekufa alikuwa na mshahara wake ambao haujalipwa. Ili mjane au baba aupate, lazima ijulikane aliyekufa ni nani na katoka kijiji gani. Daftari nyingi hazikuwa na habari hiyo, au jina liliandikwa kwa masikio ya karani asiyejua lugha. Fedha nyingi zikakosa mwenyewe. Miaka ya baada ya vita serikali za Kenya na Tanganyika ziliomba fedha hizo zitumike kuwafaa Waafrika, London ikakataa. Kwa hiyo mtu alikufa, jina likafa, na ujira wake ukarudi kwa aliyemwajiri.

Soko la sasa la Kariakoo, lenye paa za zege kama miavuli iliyogeuzwa, ni kazi ya mbunifu Mtanzania na lilifunguliwa miaka ya 1970. Liliungua Julai 2021. Ukizunguka mitaa yake mchana utapishana na vijana wenye robota kichwani wakipiga kelele "kwa juu! kwa juu!" au miluzi ya kuomba njia, na wasukuma mikokoteni wenye misuli ya kamba. Miaka mia na zaidi imepita na Kariakoo bado inaenda kwa kichwa cha mtu. Wateja wanawaita "we kuli". Jina lake hakuna anayelitaka, anatakiwa afikishe mzigo stendi.

Mitaa hii hii ina kundi jingine ambalo vitabu vya shule hulipitia haraka. TANU ilizaliwa Julai 1954 katika nyumba moja ya Mtaa wa Lumumba, na orodha ya waasisi inakaririwa na kila mtoto. Lakini chama hakijai watu kwa sababu ya orodha. Kiliwajaza watu kina mama wa Kariakoo, Ilala na Magomeni: wapika vitumbua, wauza maandazi, wacheza lelemama. Vikundi vya ngoma tayari vilikuwa na viongozi, michango na sare, na mtandao wa kupeleka habari mtaa kwa mtaa kabla jua halijazama. Wengine waume zao walikuwa waajiriwa wa serikali waliokatazwa siasa, basi mwanamke ndiye akaenda mkutanoni. Mmoja wao, Bibi Titi Mohamed, amepewa barabara kubwa inayopita kando ya Mnazi Mmoja. Wenzake, waliouza kadi za chama kwenye vibaraza na kuficha hela kwenye pindo la khanga, wamebaki kuwa "akina mama wa TANU". Baadhi ya nyumba za Kiswahili zenye kibaraza walizokaa bado zipo, zimebanwa na maghorofa, na zinapungua kila mwaka. Mwenye kamera asichelewe.

Siku ya pili ni ya mbali kidogo. Barabara ya Bagamoyo ina makaburi ya vita yanayotunzwa na tume ya Jumuiya ya Madola, nyasi zimekatwa vizuri kuliko bustani nyingi za mjini. Makaburi ya zamani yalihamishiwa hapo mwaka 1968 ili kupisha barabara. Yana zaidi ya watu 600 wa vita ya kwanza, na pametulia mno. Halafu mtu anakumbuka wale laki moja, anaangalia ukubwa wa uwanja, hesabu inakataa. Mwaka 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti na kuomba radhi: watu kati ya 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Haikuwa kusahau kwa bahati mbaya. Maafisa waliamua wakati ule kwamba Waafrika hawangethamini mawe ya makaburi. Hakuna aliyewauliza.

Kwa anayependa kulinganisha, upande wa Gongo la Mboto kuna makaburi ya Wachina waliokufa wakijenga TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kwenda Zambia iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Wako zaidi ya 60, kila mmoja na jiwe lake na jina lake limechongwa, na wageni wakubwa kutoka China huenda kuweka mashada. Vizuri sana, ndivyo inavyopaswa. Maelfu ya Watanzania na Wazambia walichimba reli hiyo hiyo, na wapo waliofia humo. Mgeni akiomba aonyeshwe makaburi yao Dar, hakuna lango la kumpeleka.

Pa kumalizia ni Mwenge, kwenye vinyago. Wengi huja hapa kununua zawadi dakika za mwisho kabla ya kwenda uwanja wa ndege, wanapatana bei kwa dakika kumi, wanafungiwa gazeti, wanaondoka. Wamakonde wa kusini na wa Msumbiji walileta ufundi huu mjini, na ule mti wa watu waliopandiana, mmoja juu ya bega la mwenzake, unaoitwa ujamaa, unaonekana mpaka kwenye majumba ya sanaa Ulaya. Uko wa kimo cha kidole, uko wa kimo cha mlango. Karibu vyote havina jina la mchongaji. Kibandiko cha bei kipo.

Muuzaji wa mbele mara nyingi siye aliyechonga. Mafundi wako nyuma ya vibanda, wamekaa chini, vumbi la mpingo mpaka kwenye nyusi, redio inacheza. Mgeni akizunguka huko na kuuliza kinyago hiki kachonga nani, kwanza wanatazamana, wanadhani kuna malalamiko. Kisha mmoja ananyoosha mkono. Akiombwa aandike jina lake chini ya kitako cha kinyago, anacheka kidogo, anakigeuza, anafuta vumbi kwa kiganja, na kuchukua patasi ndogo.